Fundi, Hendibreki Naivuta Mpaka Juu na Gari Bado Inateremka

Mwezi huu nilivofungua barua zenu nimekuta karibu zote zinalia na hendibreki, na sishangai, masika imetupitia juzi tu, watu wamevuka maji, gari zimelala nje kwenye unyevu, na gari zetu nyingi hapa visiwani zishakula miaka ishirini na zaidi. Kwahiyo leo ukurasa wote nimeupa hendibreki ya nyuma. Barua za betri na za esi ninazo, nitazijibu mwezi ujao inshaallah.

*Assalaam alaykum fundi. Niko Mkoani Pemba, nina Corolla 110 gia za mkono. Hendibreki nikiivuta inapanda mpaka inakaribia kusimama wima, inalia kre kre zaidi ya mara kumi na mbili, halafu nikipaki pale kwenye mlima wa kutokea bandarini gari inateremka. Fundi wa hapa mtaani kaikaza mara tatu ndani ya miezi minne, anakaza pale pale kwenye mkono, inashika wiki mbili tatu inarudi vile vile. Sasahivi anasema nati imefika mwisho hakuna pa kukaza. Ninunue kebo mpya? Mwalimu wa skuli, Mkoani*

Waalaykum salaam maalim wangu. Kebo usinunue kwanza, na huyo fundi mwombe asiiguse tena hiyo nati mpaka magurudumu ya nyuma yafunguliwe. Kazi ya hendibreki inaanzia kwenye gurudumu, mkono unakuja mwisho kabisa, na ukigeuza huo mpangilio ndo unapata haya yaliyokupata.

Ntakwambia kwanini. Ndani ya dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu, mna brekishuu mbili, zile zile unazozitumia ukikanyaga breki. Hendibreki yenyewe haina habari ya mafuta, ni waya tu, unavuta kijimkono kilichofungwa kwenye shuu moja, kijimkono kinasukuma upau uliokaa katikati ya shuu mbili, shuu zinatanuka zinabana dramu. Shuu zikilika ile nafasi baina yake na dramu inakuwa kubwa, kwahiyo waya unataka kuvutwa safari ndefu kabla shuu hazijagusa chochote, na weye huku ndani unaona mkono unapanda tu. Sasa ile nafasi ina kitu chake cha kuipunguza, nacho ni ajasta, kile chuma chenye uzi na kigurudumu cha meno. Ikiwa nzima inajitanua yenyewe kidogo kidogo, kuna gari zinajikaza ukikanyaga breki huku unarudi nyuma na kuna zinazojikaza ukivuta hendibreki. Lakini kwa gari ya zamani iliyoishi na hewa ya bahari miaka yote hii, mara nyingi ukifungua unakuta ajasta ishashikwa na kutu haizunguki kabisa.

Fundi akikaza pale mkononi, waya unafupika na kile kijimkono cha ndani ya dramu kinatoka kwenye kituo chake hata kama hendibreki umeishusha. Mkono unakuwa mfupi, mteja anafurahi. Shuu bado zimelika, ajasta bado haifanyi kazi, na ubaya unazidi hapo maana kijimkono kisiporudi kwenye kituo chake hata ajasta nzima inaharibikiwa na kipimo chake. Shuu zinaendelea kulika, nafasi inaongezeka, unarudi gereji, nati inakwenda tena, mpaka uzi unaisha kama ulivoisha kwako.

Hili nalisema kwa uchungu kwasababu lilinipitia. Nilipokuwa bado najifunza kazi kwa ami yangu Chake Chake ilikuja Suzuki Carry ya kubeba nazi, tukaikaza mkononi dakika kumi mwenyewe akaondoka. Jioni ile ile ikamteremkia na mzigo wake ikaenda kupiga ukuta wa nyumba ya watu, na ukuta huo watoto wa chuoni hukaa chini yake wakitoka kusoma. Alhamdulillahi siku ile walikuwa washaondoka. Toka hapo sikazi mkono wa gari yoyote bila kufungua dramu, mteja akikataa namwomba radhi aende kwengine.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta pahala tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele, tia gia. Wengi wanasahau kwamba hendibreki inashika nyuma na nyuma ndo unapopainua, kwahiyo ukishapandisha gari jeki hendibreki haikusaidii kitu. Jeki peke yake usiiamini, tia stendi. Shusha mkono mpaka chini halafu legeza ile nati mpaka waya uwe mlegevu kabisa, zote hizo nyuzi alizokaza fundi zirudishe.

Dramu ikikataa kutoka usiipige nyundo pembeni, utaipasua. Tazama usoni mwake utaona matundu mawili yenye uzi, yale yamewekwa kwa kazi hiyo hiyo, tia boliti mbili za milimita 8, zile za spana nambari 12, kaza huku kidogo na kule kidogo, dramu inasukumwa inatoka yenyewe. Ikigoma hata hivo basi shuu zimejichimbia njia ndani ya dramu na zimenasa kwenye ukingo, itabidi uilegeze ajasta kwa bisibisi bapa kupitia kitundu cha nyuma kwenye bamba, kile chuma bapa kilicho nyuma ya dramu, kitundu chenyewe huzibwa na kiraba.

Ukishafungua usipulize lile vumbi, si kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Shuu za gari za zamani nyingine zilitengenezwa na asbesto, vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Mwagia maji ya sabuni taratibu, futa kwa kitambaa, kitupe. Vijana wa gereji nawaomba sana kwenye hili.

Pima unene wa shuu, ile sehemu inayosugua peke yake bila ya chuma. Toyota wanasema isipungue milimita 1, mie nabadilisha ikifika 2 maana sioni haja ya kusubiri mpaka chuma kiguse dramu. Kwenye dramu yenyewe tafuta maandishi yaliyochongwa, utakuta kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa kwa milimita, ikiwa imelika kupita hapo dramu nayo kwisha kazi, shuu mpya haziwezi kuiokoa.

Jambo jengine, fungua upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Kwanza ule uliobaki unakuwa mfano wako wa kutazamia springi zinakaa vipi. Pili, ajasta ya kushoto na ya kulia uzi wake umekwenda kinyume, ukizichanganya ile ya kushoto ikaingia kulia badala ya kujitanua inajifunga, na gari inatoka gereji na shuu mpya halafu baada ya mwezi hendibreki haipo. Nshapokea gari tatu za namna hiyo mwaka huu, watu washanunua mpaka kebo.

Ajasta itoe, isugue kwa brashi ya waya, tia grisi ya kuhimili joto kidogo tu kwenye uzi, izungushe mpaka iende kwa vidole. Rudisha kila kitu, tanua ajasta mpaka dramu iingie kwa kusugua kwa mbali sana, kanyaga breki mara kadhaa shuu zikae katikati, zungusha gurudumu, kama linabana legeza jino moja moja. Hapo ndo unarudi ndani ya gari kwenye ile nati. Gari nyingi zinataka mkono ushike kati ya mlio wa 5 na wa 8 ukivuta kwa nguvu ya kama kilo 20, kitabu cha gari yako ndo hakimu. Halafu shusha mkono, nenda kazungushe magurudumu yote mawili kwa mkono wako, lazima yazunguke huru.

Na kebo itazame wakati huo huo iko legevu. Toyota kama yako zipo tatu, moja fupi inatoka mkononi, mbili zinakwenda kila moja gurudumu lake. Vuta kwa mkono uone inateleza na inarudi, ikiwa nzito au ule mpira wake wa nje umechanika na kutu inaonekana, basi nunua, na hizi mbili za nyuma nunua pamoja kwasababu ya zamani ishavutika na mpya bado, hazitavuta sawa.

Ukimaliza jaribu kwenye mlima na mtu amekaa ndani mguu tayari kwenye breki. Japani zilikotoka gari hizi, kwenye ukaguzi wao hendibreki peke yake lazima itoe nguvu isiyopungua asilimia 20 ya uzito wa gari. Corolla yako ina kama tani moja, kwahiyo kilo 200, yaani ikae bila kuteleza kwenye mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 5. Huo mlima wa Mkoani utakupa jawabu yake.

*Fundi shikamoo. Sisi tuko Jambiani karibu kabisa na pwani. Mume wangu kasafiri wiki tatu, Escudo kaiacha nje hendibreki juu, mvua zote zimeinyeshea. Juzi shemeji yangu kataka kuitoa, injini inawaka lakini gari haitoki, gurudumu moja la nyuma linaburuzika kwenye mchanga. Kuna aliesema aikanyage mafuta kwa nguvu itaachia. Bi wa Jambiani*

Marahaba bibie. Mwambie shemeji asikanyage, atakata springi za ndani au ataivua shuu ngozi yake, ile sehemu inayosugua, na ikishavuka ile ngozi ndani ya dramu gurudumu ndo linafunga kwelikweli.

Kilichotokea ni kwamba shuu zimebaki zimebana dramu wiki tatu kwenye unyevu na chumvi, kutu ikazigandisha pamoja. Au kebo ndo imegoma kurudi. Hizi mbili mnazitenganisha hivi: shusha hendibreki, halafu mtu aangalie chini ya gari (gari ikiwa na mawe kwenye matairi, na gari isiinuliwe kwa jeki mtu akaingia chini yake) ashike kebo ya upande uliokwama. Ikiwa inachezacheza mkononi, kebo imeachia na tatizo ni shuu zimegandana. Ikiwa imekaza kama uzi wa gambusi wakati mkono uko chini, kebo imekufa kutu.

Zikiwa shuu, tieni gia ya kwanza achieni klachi taratibu ijivute kidogo, halafu rivasi, mbele nyuma mbele nyuma pole pole bila mafuta mengi, aghlabu mtasikia "ta!" imeachia. Isipoachia toeni gurudumu, wekeni kipande cha ubao juu ya dramu mpige nyundo kwenye ubao kuizunguka yote, mtikisiko ndo unaobandua kutu. Ikiwa ni kebo, msiendeshe gari hata mpaka Paje, gurudumu litaburuzika linapata moto, na moto ukifika kwenye mafuta ya breki yanachemka. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka nyuzi joto 205, lakini yakishanyonya unyevu wa hewa inashuka mpaka kama 140, na yakichemka ukikanyaga breki mguu unazama chini hakuna kitu. Itieni kebo mpya.

Baadae, bibie, gari ikikaa siku nyingi karibu na pwani hendibreki muishushe, iachwe kwenye gia na mawe mazuri mbele na nyuma. Na siku ya kuoshwa gari vilevile, ikishaoshwa izungushwe kidogo huku inakanyagwa breki zikauke kabla haijalazwa na hendibreki.

*Fundi mie nina Harrier ya zamani, breki za nyuma ni za diski. Toka nilipovuka maji ya Mwanakwerekwe hendibreki haishiki. Nimebadilisha pedi za nyuma zote mpya, hakuna tofauti hata ya chembe. Nimepoteza pesa? Kijana wa Magomeni, Unguja*

Pole sana, na pedi hazikupotea, utazitumia, lakini hazikuwa na uhusiano na maradhi yako. Harrier hiyo, kama gari nyingi za diski nyuma, ina hendibreki yake mbali kabisa: katikati ya diski pale palipoumuka kama kofia, ndani yake mna dramu ndogo na shuu zake ndogo. Pedi zinasimamisha gari ikienda, zile shuu ndogo zinashika gari ikiwa imesimama. Mafundi wengi wanaona diski wanatia pedi wanafunga, zile shuu hazijapata kutazamwa toka gari imeteremshwa melini.

Mwambie fundi afungue kalipa, kile chuma kinachobana pedi, aitundike kwa waya (isining'inie kwa mpira wake wa mafuta), avue diski. Ndani utakuta tope la Mwanakwerekwe na pengine ngozi ya shuu imebanduka kwa kutu. Safisha, badilisha kama zimebanduka. Kurekebisha kwake kuna kipimo kizuri cha Toyota ambacho napenda mafundi wakikariri: rudisha diski uikaze kwa nati mbili, kupitia kitundu cha usoni mwa diski tanua ajasta kwa bisibisi mpaka diski isizunguke tena, halafu irudishe meno 8. Upande wa pili hivo hivo.

Shuu mpya hizi hazishiki vizuri siku ya kwanza kwasababu kazi yake ni gari ikiwa imesimama, kwahiyo hazisuguliki zikajikalisha. Itabidi uzisaidie. Barabara kavu, tambarare, haina watu, endesha kama kilomita 50 kwa saa, bonyeza kile kitufe cha mkono usikiachie, vuta hendibreki kidogo tu nguvu ya kama kilo 9, nenda hivo mita 400, achia. Acha zipoe halafu rudia, mara mbili tatu zinatosha. Alfajiri baada ya sala ndo wakati wake, usiende kuifanya mchana kwenye watu.

Kwa wenye Golf na baadhi ya Mazda, nyie hamna hiyo dramu ndogo, kebo yenu inavuta kijimkono kilichopo kwenye kalipa yenyewe, na pistoni yake ukitia pedi mpya inarudishwa ndani kwa kuzungushwa huku inasukumwa. Fundi akiibana kwa klempu peke yake anaivunja ndani na hendibreki ya upande huo haifanyi kazi tena mpaka kalipa ibadilishwe.

*Fundi, Carry yangu ya mzigo ya Konde inashika upande mmoja tu, wa kulia hauna kitu, na pembeni ya tairi la kulia naona majimaji meusi.*

Hayo majimaji yaguse na yanuse. Yakiwa mazito na harufu kali kama ya baruti ni oili ya difu, ile ya gia za ekseli ya nyuma, sili ya ekseli imekwisha na oili inamwagikia ndani ya dramu. Yakiwa mepesi na yamebabua rangi ya bamba ni mafuta ya breki, wili silinda, kile kisilinda kinachosukuma shuu ukikanyaga breki, inavuja, na hiyo ni hatari zaidi maana breki ya mguu nayo inaondoka, usiipakie mzigo mpaka itengenezwe. Lolote kati ya hayo mawili, shuu zilizolowa tupa, watu wanazichoma moto au kuzisugua na petroli wanarudisha, oili ishaingia ndani ya ngozi yake na dramu ikipata moto inatoka tena. Badilisha shuu pande zote mbili. Ukikuta dramu kavu kabisa basi nenda katikati chini ya gari, pale kwenye kipande cha chuma kinachogawa mvuto wa mkono kwenda kebo mbili, kikiganda kutu kinavuta upande mmoja.

*Taa nyekundu ya hendibreki haizimi hata nikishusha mkono, lakini gari inakwenda vizuri. Nikate waya wa taa? Dereva wa daladala, Bububu*

Usikate kaka yangu! Taa hiyo kwenye gari nyingi ina kazi mbili, hendibreki na mafuta ya breki kupungua kwenye kikopo. Fungua boneti sasahivi tazama kikopo. Kikiwa chini ya alama, ama pedi za mbele zimelika sana na mafuta yamezifuata, ama kuna pahala panavuja, na weye unabeba watu. Kikiwa kimejaa, tazama kiswichi kidogo kwenye mguu wa mkono wa hendibreki, mara nyingi ni vumbi au kimepinda tu, unakinyoosha.

*Gari yangu otomatiki, naweka P basi, hendibreki siijui hata ikoje. Ubaya uko wapi? Msomaji, Wete*

P ni kidole kimoja cha chuma ndani ya gia kinachoingia kwenye meno, uzito wote wa gari kwenye ule mlima wa Wete unauweka juu ya kidole hicho, ndo maana ukitaka kuondoka mkono wa gia mzito na unasikia "ko!". Fanya hivi: mguu kwenye breki, weka N, vuta hendibreki, achia mguu taratibu gari iegemee kwenye hendibreki, ikishatulia kanyaga tena utie P. Na kwa vile hujaivuta miaka, mara ya kwanza usiivute ukiwa safarini. Ivute nyumbani, mbele ya mlango, halafu ishushe na uguse magurudumu ya nyuma baada ya kwenda kilomita moja. Ukikuta rimu moja ya nyuma ina moto kuliko nyingine kebo ya upande huo haikurudi, soma tena jawabu ya Bi wa Jambiani hapo juu.